Presha ya Ukoo Wetu

Kwenye ukoo wetu presha haiumwi, inarithiwa. Kaka yangu mkubwa huitaja kama wengine wanavyotaja cheo. Akiwa msibani, akiulizwa mbona jasho linamtoka kwenye baridi ya Karatu, hukunja nne na kujibu, "Sisi ni watu wa presha." Shamba la baba kule Buger tuligombania mpaka mwenyekiti wa kijiji akaitwa, na kaka alikagua mpaka wa shamba kwa hatua zake mwenyewe, akirudia kila alipoona umempunja. Lakini presha ya baba aliipokea yote, bila kudai igawanywe. Dawa alizikataa kwa hoja moja tu, kwamba urithi hautibiwi.

Mimi ni mpishi. Nimepikia kambi za watalii miaka mingi, na huko niliwaona watu wazima wamevaa saa zinazowahesabia mapigo ya moyo. Huagiza chakula kisicho na chumvi, halafu wakiwa ndani ya gari wanamaliza pakiti nzima ya krispi kabla hata simba hajapiga miayo. Nilikuwa nawacheka. Niliwacheka mpaka wiki ile kichwa kilipoanza kunigonga kuanzia asubuhi mpaka jioni, na nyota nikawa naziona mchana, juu ya sufuria. Nikaenda hospitali.

Daktari alikuwa kijana mwenye sura ya mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Akanifunga kile kitambaa mkononi, kikavimba, kikapumua. Akatazama namba, akanifunga tena kana kwamba mashine imemtania.

"Mama, presha yako iko juu sana."

Nikamwambia najua, ni ya ukoo. Nilidhani ataridhika aniandikie vidonge niende zangu. Badala yake akaniuliza, "Mama yako alipokuwa na mimba yako, alikuwa anakula nini?"

Nilikasirika. Nimemletea kichwa changu, yeye anauliza tumbo la mama yangu! Nikamwuliza kama na yeye ametumwa na waganga wa redioni, maana hao ndio huanza na mama yako wakamaliza na kuku mweusi. Hakukasirika. Akatoa neno, epijenetiki, neno refu kuliko foleni niliyoiacha nje, kisha akajaribu kulieleza kwa Kiswahili, na jasho likamtoka kuliko mimi.

Nitalieleza nilivyolielewa, kwa akili ya mtu aliyeishi kwenye kambi zenye jenereta. Vinasaba ni nyaya ambazo wazazi wamekuwekea ndani ya nyumba. Nyaya hizo hubadilishi. Lakini kuna swichi, na swichi zinawashwa na kuzimwa na maisha yenyewe: njaa, chumvi, unene, pombe, moshi, mawazo yasiyokwisha. Nyingine huwekwa mapema sana, mtoto akiwa bado tumboni. Mama akishinda na njaa, mwili wa mtoto hujipanga kwa ajili ya dunia ya shida. Figo zinakua kwa kubania, mishipa inakaza, chumvi kidogo inayopatikana inashikwa isitoke. Mtoto anazaliwa, anakua, anakuta ugali upo na nyama ipo, lakini mwili wake bado unaishi kwenye njaa ile. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, ila hawakutuambia kwamba malezi yanaanza kabla hujamwona uso.

"Lakini mama, hii si hukumu," daktari akaongeza haraka. "Wataalamu bado wanachunguza, mengi hayajajulikana. Na nyaya zikiwa hivyo au vile, vidonge vinasaidia, chakula kinasaidia. Chumvi punguza sana."

Jumapili nikaenda Buger kwa mama. Mama yangu ni mzee wa meno machache na maneno machache zaidi. Nilimkuta amekaa uani anachambua maharage, kaka yupo pembeni anamsimamia, kazi anayoipenda. Nikamwuliza mama alikuwa anakula nini wakati wa mimba yangu. Akaniangalia kama niliyeuliza rangi ya mbingu.

"Nilikula nilichopewa," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Kaka alipiga paja. "Umesikia? Kumbe ni mama!"

Na hapo ndipo nilipoona sayansi inavyofika kijijini kwetu. Inatoka huko kwenye vyuo vikuu, inavuka bahari, inapanda mlima mpaka Buger, na ikifika inakuta kazi moja tu inaisubiri, kumtafuta mwanamke wa kulaumiwa. Zamani kulikuwa na mchawi, na mchawi alikuwa mwanamke. Sasa tumeendelea. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyekuwa akipakua chakula mwaka ule wa njaa, mama akiwa na mimba yangu, wala nani aliyekuwa akila kwanza. Mimi mwenyewe sikuuliza, nilikuwa nimeshika kichwa.

Chumvi niliiacha. Sikupunguza, niliiacha kabisa, na nikahakikisha mtaa mzima unajua. Kopo la chumvi nililigawa kwa jirani kwa sherehe. Watu wakija kwangu kula nawaambia, "Humu ndani chumvi ilishafukuzwa." Lakini kila niliporudi kliniki, kile kitambaa kilivimba, kikapumua, na daktari akatikisa kichwa. Nikaanza kuvisema vibaya vidonge. Nikasema ni feki, wanatuletea Waafrika chaki.

Mambo yalikuwa hivyo binti yangu aliponipigia simu kutoka Piyaya. Binti yangu huyo ni wa pekee, na nilimwoza kwa shingo upande. Si kwamba mume ni mbaya, ni kijana mpole wa mifugo, lakini ni kule ng'ambo ya kreta, mahali ambapo ili nikusikie lazima upande kilima utafute mtandao. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, mwezi wa saba.

"Mama," akasema, na upepo unapiga, "nesi wa zahanati anasema presha imepanda. Anasema niende hospitali. Yeyo anasema presha hiyo ni ya kwenu."

Yeyo ndiye mama mkwe wake. Kwa Kimaasai maana yake ni mama.

"Amesema ya kwetu?"

"Ndiyo. Na maziwa nimeachishwa. Na nyama. Nakunywa uji wa maji na dawa ya mti, nikitapika ndiyo vizuri."

Sijui nilisema nini baada ya hapo. Nilikuwa naiona ile figo aliyonichorea daktari hewani kwa kidole, inakua kwa kubania. Nilikuwa naona mtoto wangu anazimika kwa njaa huku presha inapanda, na ndani yake mjukuu wangu anawekewa swichi moja baada ya nyingine na bibi mwenye kibuyu cha dawa. Nilijua desturi hiyo kwa kusikia. Mimba ikikua, mwanamke anapunguziwa chakula ili mtoto asiwe mkubwa. Ila desturi ya watu ni desturi ya watu mpaka siku inapomkuta mtoto wako.

Usiku ule nilichemsha makande, makande yangu yenyewe, yale ambayo watalii huyapiga picha kabla ya kula. Alfajiri nikayajaza kwenye hotpoti kubwa, nikapanda gari linalopeleka unga Piyaya, hotpoti mapajani. Pale lango la Lodoare, la kuingilia hifadhini, dereva aliposhuka na karatasi zake, nyani mmoja mkubwa akaja mpaka dirishani, akaikazia macho hotpoti, akanikazia na mimi. Nilimfukuza kwa kiatu. Njia nzima ya ukingo wa kreta, na mteremko wa kuingia tambarare, na vumbi lile, nilikuwa naipanga hotuba. Nilipanga kumweleza mkwe, huyo Yeyo, kuhusu nyaya na swichi. Nilipanga asibaki na pa kujificha.

Alinipokea vizuri, jambo lililoniudhi. Mwanamke mrefu, shanga shingoni, fimbo mkononi, Kiswahili chake cha mnadani kimenyooka kama fimbo yenyewe. Binti yangu alikuwa amekaa mlangoni. Mikono imekwisha, uso umekwisha, miguu peke yake ndiyo imenenepa, imevimba mpaka vifundo havionekani.

"Mkwe, binti yangu anakonda," nikasema, hata kabla ya maji ya kunywa.

"Anakonda yeye, asinenepe mtoto. Ndiyo vizuri."

Nikaanza hotuba yangu. Nilisema njaa ya tumboni haiishi tumboni. Nilisema mtoto huyu akija kuwa mtu mzima ataugua presha kwa sababu ya uji wake wa maji. Nilisema na lile neno refu, nikalitamka vizuri kuliko daktari. Mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, mikono juu ya fimbo.

"Akiwa mtu mzima," akasema. "Wewe unataka awe mtu mzima. Mimi nataka atoke kwanza."

Kisha akaniambia, akiangalia upande wa zizi. "Binti yangu wa kwanza alikula vizuri. Nilimpenda, nikamwachia. Alikunywa maziwa, alikula nyama, alikuwa anang'aa. Mtoto akawa mkubwa. Uchungu ukaja, mtoto hakuja. Tulipiga simu, gari lilikuwa mbali. Likafika tumemaliza kulia. Wewe kwako kuna gari. Hapa gari letu ni njaa."

Niliona aibu, na aibu ikanipandisha hasira zaidi, maana nilikuwa nimebeba hotuba nzuri na sasa haikuwa na pa kukaa. Nimewahi kupikia semina za hoteli pale Karatu zinazojadili mila potofu. Wanakuja na Landkruza, zimepangwa nje mstari mzima, wanakula chipsi zilizonyunyiziwa chumvi kama theluji ya Kilimanjaro, wanaazimia, wanapiga picha, wanaondoka. Sijawahi kusikia hata mmoja akisema kwamba moja ya yale magari, likiachwa Piyaya, lingeiondoa ile mila kabla ya chai ya saa nne.

Nikafungua hotpoti. Harufu ikatoka. Binti yangu aliinua kichwa. Nikapakua, lakini mkwe akachukua bakuli kwanza, kwa sababu chochote kinachoingia mdomoni mwa mjamzito kwenye boma lile lazima kipite kwake kwanza. Akatia kidole, akalamba. Akatema.

"Emakat," akasema.

"Nini?"

"Magadi. Umetia magadi."

"Ni ya kulainisha tu," nikasema. "Kwetu mahindi na maharage bila magadi unachoma kuni siku nzima."

"Hii tunawalambisha ng'ombe. Wazee wanatia kwenye ugoro. Wewe umempikia mwanamke mwenye miguu hii?"

"Mimi chumvi niliacha zamani!" nikasema, tena kwa sauti ya juu. "Kwangu chumvi haiingii!"

Akaniangalia, kisha akaangalia bakuli.

"Umeacha ya pakiti," akasema. "Umeshika ya ziwani."

Nikaanza kuhesabu moyoni. Makande yangu yana magadi. Maharage yangu yana magadi. Hata ile mboga ya majani, nikitaka ibaki na rangi yake ya kijani, natia magadi. Na tangu niifukuze chumvi, chakula kilipokosa ladha, mkono wangu ulikuwa umezidisha magadi bila kunitaarifu. Nyani haoni kundule, na mimi asubuhi ile nilikuwa nimemfukuza nyani kwa kiatu.

Tulikaa wanawake wawili, kila mmoja na sumu yake ya upendo. Binti yangu alikuwa katikati yetu, mikono juu ya tumbo. Macho yake yalitoka kwenye bakuli yakaenda kwenye kibuyu cha mkwe, yakarudi. Sisi hatukumwuliza kitu.

Makubaliano yalipatikana jioni, na yalipatikana kwa sababu binti yangu alishikwa na kichwa na akasema anaona ukungu. Mkwe alipanda kilima mwenyewe, akampigia mwanawe aliyekuwa na ng'ombe upande wa Arash. Kijana akakubali mkewe apelekwe Karatu, kwa sharti kwamba mama yake aende naye. Asubuhi tukarudi na gari lilelile la unga, watatu, na makande wakapewa mbwa. Hata mbwa walikunywa maji sana.

Hospitalini daktari yuleyule alimpima binti, akapima na mkojo, na uso wake ukakosa utani. Akatueleza kwamba presha ya mimba ni ugonjwa wake wenyewe. Hausababishwi na ukoo peke yake, wala chumvi peke yake, wala njaa peke yake, na unaweza kumletea mama kifafa na kumuua. Atabaki karibu na hospitali, atapimwa kila mara, atameza dawa. Na atakula, mtoto ni mdogo mno.

"Na akiwa mkubwa?" mkwe akauliza.

"Akiwa mkubwa akashindwa kutoka, tutampasua mama, tutamtoa. Na akiwa nyumbani uchungu ukaanza, gari la wagonjwa liko hapo nje."

Mkwe akasimama, akatoka. Nikamfuata nikidhani amekasirika. Nikamkuta amesimama mbele ya gari la wagonjwa. Alilizunguka, akagusa tairi, akachungulia ndani aone kama kweli kuna kitanda. Akamwuliza dereva kama lina mafuta. Dereva akasema lina. Mkwe akarudi ndani.

"Basi ale," akasema.

Mimi nilimwuliza daktari kuhusu magadi, kwa sauti ya chini. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema kile kinachopandisha presha kwenye chumvi ndicho hichohicho kilichojaa kwenye magadi, na kwamba sasa ameelewa vidonge vyangu vilikuwa vinapigana na nani.

Tukaishi kwangu watatu. Mkwe alipekua jiko langu kama askari, akatoa mabonge yote ya magadi, akayafunga kwenye kitambaa, akasema atawapelekea ng'ombe salamu. Mimi nililinda kikombe cha binti, nikahakikisha maziwa anayamaliza. Kila mmoja alimlinda mwenzake asimuue mtoto kwa mapenzi. Kaka alikuja siku moja, akala makande yaliyochemka tangu asubuhi bila magadi, akasema yana ladha ya karatasi. Mkwe akamwambia kama anataka ladha, magadi yako kwenye kitambaa, apige magoti alambe kama wenzake.

Halafu asubuhi moja binti aliamka haoni vizuri, kichwa kinampasuka, na presha imepanda kupita dawa. Gari lilikuja. Daktari alisema hawasubiri tena, mtoto anatolewa leo, hata kama siku zake hazijatimia, ili mama abaki hai. Tulikaa kwenye benchi la nje, mimi na mkwe. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mkwe alishika mkono wangu na kuuminya mpaka ukafa ganzi, na sikumwambia auachie.

Walitoka wote wawili wazima. Mtoto ni wa kike, mdogo, ngozi imelegea kama shati la kuazima, lakini sauti yake ilisikika mpaka kwenye foleni ya kliniki. Mkwe alimtemea mate kidogo ya baraka utosini, kama ilivyo kwao, na nesi akageuka asione.

Siku ya pili wodini tulikuwa wengi kuzunguka kitanda. Kaka naye alifika, kofia mkononi. Akamwinamia mtoto, akamchunguza kama anavyokagua mpaka wa shamba.

"Huyu ni wa kwetu kabisa," akasema. "Presha ataipata tu."

Daktari akaingia, akampima binti, akaridhika. Kisha, kwa sababu kijana yule hajifunzi, au kwa sababu ndiyo kazi yake, akamwuliza kwa upole, "Dada, ulipokuwa mjamzito, ulikuwa unakula nini?"

Mkwe aliangalia fimbo yake. Mimi niliangalia dirisha. Binti yangu hakutuangalia. Alikuwa anamtengenezea mtoto kanga, na alijibu bila hasira, kama mtu anayetaja njia aliyopita.

"Nilikula nilichopewa."

Kaka akanigeukia, tayari mkono uko kwenye paja. "Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Nikasogea karibu na kitanda, nikamwuliza mwanangu anataka kula nini.